SOMO LA AFYA NA USALAMA: VAZI LA KUOGELEA KWA NDUGU ZETU WANAUME TRANSI



Somo letu la safari hii linahusu vazi la kuogelea. Tunajua wapo watakaocheka wakiona kichwa hiki, maana wamezoea ukurasa huu uzungumzie mishahara, likizo na fidia ya ajali. Lakini wasomaji wetu wanakwenda majini. Wa Kigali hupanda basi siku ya mapumziko kwenda Ziwa Muhazi upande wa mashariki, na safari ikiwa kubwa huvuka milima hadi Rubavu au Karongi kwenye Ziwa Kivu. Wenzetu wa mashamba ya chai ya Pfunda wao ni majirani wa ziwa hilo. Na katika safari za namna hii hakosi mtu wa kubaki chini ya mti akilinda viatu na mikoba ya wenzake. Ukimwuliza, atakuambia ana mafua, au hapendi maji. Huenda ni kweli. Huenda pia hana vazi analoweza kulivaa mbele ya watu akabaki na heshima yake.

Tunamzungumzia hasa mfanyakazi ambaye alipozaliwa aliandikwa msichana, naye anajijua na anaishi kama mwanamume. Siku hizi watu kama yeye huitwa wanaume wabadili jinsia, au kwa kifupi wanaume transi. Wapo pia wasiojiita mwanamume moja kwa moja, ila wako upande huo kuliko upande wa uke. Somo hili ni lao vilevile. Lugha yetu hapa imetusaidia. "Yeye" wa Kiswahili hana jinsia, na neno letu la chama, "ndugu", halimwulizi mtu alivyo maumbile. Anayeona taabu kujua amwite mwenzake "kaka" au "dada" na atumie "ndugu" mpaka aambiwe. Hajakosea adabu hata kidogo.

Tuingie katika somo.

PUMZI KWANZA

Wanaume transi wengi ambao hawajapasuliwa kifua hukibana ili kiwe bapa chini ya shati. Wenye uwezo huvaa fulana maalumu iliyoshonwa kwa kazi hiyo. Wasio na uwezo hutumia walichonacho: bendeji ya kuvutika, fulana mbili tatu za kubana zilizopandishana, hata utepe wa gundi ule tunaofungia maboksi kiwandani. Mtu akikaa mezani anaweza kuvumilia hali hiyo kwa saa kadhaa. Majini ni jambo jingine kabisa.

Mpiga mbizi na mwogeleaji havuti pumzi kama mtu aliyeketi. Anapata nafasi fupi tu kinywa kikiwa juu ya maji, na katika nafasi hiyo mbavu zake lazima zifunguke kwa upana na kwa haraka. Maji nayo yanamkandamiza kifua kutoka nje. Sasa mfunge mtu huyo bendeji. Bendeji ina tabia mbaya: kadiri mwili unavyosogea ndivyo inavyojikaza, na haina mahali pa kulegea. Pamba nayo ikilowa huwa nzito na hung'ang'ania ngozi. Mtu anaanza kuhema, anaogopa, na mwenye hofu majini hutumia pumzi maradufu. Anaweza kuzama mbele ya wenzake wakidhani anacheza.

Hatusemi haya kutisha watu. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti uliokusanya majibu ya watu wazima 1,800 wanaobana vifua, na zaidi ya 9 katika kila 10 walieleza kuwa wamepata angalau dhara moja: maumivu ya mgongo, kupungukiwa na pumzi, ngozi kuwasha, joto kupita kiasi. Hao walikuwa katika maisha ya kawaida ya nchi kavu. Utafiti huo huo ulionyesha kuwa kujipa siku za kupumzika bila kubana kulisaidia. Kwa kawaida wataalamu hushauri mtu asibane zaidi ya saa 8 kwa siku, asilale amejifunga, na asifanye mazoezi mazito akiwa katika kibano. Kuogelea ni zoezi zito, hata kama kwa anayetazama kutoka ufukweni linaonekana starehe.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: bendeji na utepe wa maboksi havitiwi majini kamwe, na wala havifai hata nchi kavu. Upo utepe mwingine, wa kuvutika, uliotengenezwa kwa ajili ya ngozi, ambao hubandikwa kwa vipande ili kukivuta kifua kando bila kuzunguka mbavu. Huo huvumilia maji. Asiuchanganye mtu na ule mwingine kwa sababu tu vyote vinaitwa utepe, na hata huo hauzungushwi mwili mzima.

Kama mtu amekwisha kuwa na fulana ya kubana na anataka kuogelea nayo, asivae ile inayokaza kuliko zote. Avae iliyolegea, au ya saizi moja zaidi. Kisha aipime kabla ya safari. Kipimo cha Kigali hakihitaji gharama, milima ipo: aivae, apande mteremko mmoja wa mtaa wake kwa mwendo wa haraka, na akifika juu aseme sentensi ndefu bila kukatika. Akishindwa, fulana hiyo haifai kwa maji. Akiwa ziwani atoke kila baada ya muda apumzike, na akimaliza kuogelea aivue, ajifute, avae kikavu. Kitambaa kibichi kinachobana huchubua ngozi ya kwapa na ya chini ya matiti, na kidonda cha hapo ni adha ya wiki nzima kwa mtu anayevuna chai au kusimama kwenye mashine.

KUFICHA KWA NGUO, SI KWA NGUVU

Sasa tuseme linalofaa. Mtu anayetaka kifua chake kisionekane ana njia mbili: kukibana, au kuvaa nguo inayolipoteza umbo. Majini njia ya pili ndiyo bora, na ni rahisi zaidi.

Vazi lake kuu ni fulana ya kuogelea ya mikono mirefu au mifupi, ile wanayovaa wapanda mawimbi na walimu wa kuogelea. Hutengenezwa kwa nailoni au poliesta iliyochanganywa na likra, hukauka upesi, na haivimbi maji kama pamba. Wanaume wa kila aina huivaa kujikinga na jua, kwa hiyo haimtangazi mtu. Hiyo ndiyo faida yake kubwa kuliko zote. Achague yenye rangi nyeusi, buluu ya kiza, au yenye michoro mikubwa kifuani, kwa kuwa michoro huyumbisha jicho. Nyeupe na za rangi hafifu zikilowa huonyesha yote. Achague iliyokatwa wima kutoka kwapani hadi nyongani, isiyobonyea kiunoni. Akiivaa kavu ikawa nzuri, bado asiridhike: ajimwagie ndoo ya maji nyumbani aitazame tena kwenye kioo. Fulana nyingi zilizopendeza dukani hubadilika zikipata maji.

Tatizo jingine ni fulana kupanda juu maji yanapoingia chini yake. Fundi anaweza kushona kitanzi kidogo mbele kwa ndani, kikafungwa kwenye kamba ya bukta. Ni dakika tano za kazi.

Chini, bukta ya kuogelea ya kiume inayofika karibu na goti ndiyo inayotosha. Isikaze mapajani, na kamba yake ikae nyongani, si juu kiunoni, ili nyonga zisionekane pana. Ndani yake wengi huvaa kaptura fupi ya likra. Inazuia msuguano, inashika bukta isipande, na kwa anayeweka kiungo bandia cha kiume ndiyo inayokishika. Hapa tuonye: soksi iliyokunjwa, ambayo nchi kavu inafanya kazi yake vizuri, majini hunyonya na kuwa nzito, na inaweza kuchomoka. Kiungo cha silikoni hakinyonyi, lakini nacho kinataka mfuko ulioshonwa ndani ya kaptura. Bila mfuko ni afadhali kukiacha nyumbani.

Kuhusu hedhi, wapo ambao imekoma kwa sababu ya dawa na wapo ambao haijakoma. Pedi ya kawaida hairuhusu kuogelea, hujaa maji. Kikombe cha hedhi huruhusu, ila kisijaribiwe kwa mara ya kwanza asubuhi ya safari. Zipo pia chupi za kuogelea zenye safu ya kunyonya, ambazo ni za rangi nyeusi na zinaweza kuvaliwa chini ya bukta pasipo mtu kujua.

Kwa aliyepasuliwa kifua hesabu ni nyingine. Asiingie bwawani wala ziwani mpaka vidonda vimefunga kabisa, na anayeamua hilo ni daktari, si rafiki. Baada ya hapo anaweza kuvaa bukta peke yake kama mwanamume mwingine yeyote. Schuyler Bailar wa Marekani alifanya hivyo: baada ya upasuaji alijiunga na timu ya wanaume ya kuogelea ya Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 2015, akashindana nayo hadi kumaliza masomo. Lakini kovu jipya halipendi jua, na sisi tuko digrii 2 tu kusini ya ikweta, juu ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari hata tukiwa kwenye ufuko wa Kivu. Jua la huku ni kali kuliko baridi ya asubuhi inavyotudanganya. Kwa karibu mwaka mzima kovu lifunikwe au lipakwe mafuta ya kukinga jua.

Jambo moja ambalo halisemwi: jaketi la kuokolea maisha. Mtu yeyote akipanda mtumbwi Kivu anatakiwa kulivaa, na jaketi hilo hufunika kifua cha kila mtu kikawa sawa. Tumewahi kusikia watu wakilidharau kwamba ni la waoga. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021. Basi tuwe waoga.

KWA MAFUNDI WA NGUO

Kupata vazi hili Kigali si rahisi kama kulitaja. Zamani watu walilitafuta kwenye mitumba, ambayo Wanyarwanda huiita caguwa, neno lililotoka katika Kiswahili chetu, "chagua". Mwaka 2016 serikali ilipandisha ushuru wa nguo hizo kutoka senti 20 za dola hadi dola 2 na nusu kwa kilo ili kulea viwanda vya ndani, na tangu hapo cha kuchagua kimepungua. Hatuingii hapa katika ubishi kama sera hiyo ilikuwa nzuri. Ndani ya chama wapo wa pande zote mbili, na washonaji wa Masoro wana sababu zao. Tunachosema ni kwamba ujuzi tunao wenyewe. Mafundi wa soko la Kimironko na wafanyakazi wa viwanda vya nguo wanaweza kushona fulana ya kuogelea wakipata likra.

Kwa hiyo maneno machache ya ufundi. Sindano iwe ya kitambaa cha kuvutika, la sivyo itaruka mishono. Uzi uwe wa poliesta, maana wa pamba huoza. Mshono uwe wa zigizaga au wa ovaloki, kwa kuwa mshono wa moja kwa moja hukatika mwili unapojinyoosha. Kifuani wekeni safu ya pili kwa ndani, ya wavu usiovutika sana, na safu hiyo iishie kwenye mshono wa ubavu. Mgongo uachwe uvutike. Siri yote ya vazi hili iko hapo: mbele panatulia, nyuma panafunguka, mbavu zinapata nafasi. Fundi akizungusha wavu huo mpaka mgongoni atakuwa ameshona bendeji upya.

Wekeni pia zipu mbele, ya plastiki, au shingo pana ya kutosha. Nguo ya kubana iliyolowa ni ngumu kuvulika kwa kichwa, na mtu aliyechoka anaweza kunaswa mikono ikiwa juu. Mtu akipata dharura, zipu hufunguka kwa sekunde moja. Na wakati wa kumpima mteja, fundi amwulize anataka ikaeje, asimwambie inavyopasa kukaa. Kipimo cha kifua kinaweza kuchukuliwa na mteja mwenyewe kwa futi kamba, nyuma ya pazia.

Likra huharibiwa na klorini na jua. Isuuzwe kwa maji baridi siku hiyo hiyo, ianikwe kivulini.

WAJIBU WA TAWI

Vazi zuri halina maana kama mlinzi wa bwawa atamtoa mtu nje. Mabwawa mengi hukataza nguo za pamba, na mengine husema wanaume waingie na bukta tu, bila fulana. Anayepanga safari aulize masharti hayo kabla ya kulipa, kwa niaba ya wote. Aulize pia kama vipo vyumba vya kubadilishia nguo vyenye mlango na komeo, cha mtu mmoja mmoja. Hahitaji kutaja jina la yeyote. Vyumba hivyo vitamfaa mwenye kovu la mashine, mama aliyejifungua karibuni, Mwislamu wa Nyamirambo anayetunza stara yake, na kijana mwenye haya. Kinyume chake, kiongozi wa tawi anayesimama mbele ya basi na kutangaza kwamba "tuna mwenzetu mwenye mambo yake" amemtia mtu huyo hatarini, hata kama nia yake ilikuwa njema.

Hatari hiyo si ya kufikirika. Sheria za Rwanda hazimfanyi mtu kuwa mhalifu kwa kuwa transi. Lakini Septemba 2021 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa kuwa watu transi walikuwa miongoni mwa waliokamatwa Kigali na kuzuiliwa katika kituo cha Gikondo. Na safari ikivuka mpaka mambo hubadilika. Uganda ilipitisha sheria kali mwaka 2023, na mtu ambaye sura yake hailingani na kitambulisho chake anaweza kupata taabu njiani. Mratibu wa safari afikirie hilo kabla ya kuchagua Entebbe badala ya Muhazi.

Tunayo silaha ya kisheria. Sheria ya Kazi Na. 66/2018 inamkataza mwajiri kubagua, na baada ya kuorodhesha jinsi, dini, lugha, ulemavu na mengineyo inaongeza ubaguzi wa aina nyingine yoyote. Mkataba Na. 190 wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu ukatili na unyanyasaji ulipitishwa Geneva mwaka 2019, na Rwanda iliuridhia mwaka 2023. Mkataba huo hauishii kwenye lango la kiwanda. Unataja kwa wazi vyumba vya kubadilishia nguo na vya kunawia, na unataja safari na shughuli za kijamii zinazohusiana na kazi. Siku ya ziwani iliyoandaliwa na mwajiri imo. Mzaha kuhusu mwili wa mwenzako, kuvutwa nguo "kwa utani", kupigwa picha akiwa amelowa na picha kusambazwa kwenye simu za wafanyakazi, yote hayo ni malalamiko ambayo mwakilishi wa wafanyakazi ana haki ya kuyapokea na kuyafuata.

Wapo watakaosema chama kimekosa kazi. Tunawaomba waangalie Zanzibar. Kule Nungwi, wasichana walizaliwa mita chache kutoka baharini na wengi hawakujua kuogelea, kwa kuwa nguo za kuogelea zilizokuwapo hazikuwa na stara. Mradi wa Panje ulipoleta vazi linalofunika mwili mzima, wasichana waliingia majini, wakajifunza kuelea, na baadhi yao wakawa walimu wa wenzao. Picha zao alizopiga Anna Boyiazis zilipata tuzo ya World Press Photo mwaka 2018. Bahari ilikuwa ile ile na wasichana walikuwa wale wale. Kilichobadilika kilikuwa kitambaa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

Je, bwawa au ufuko ambao tawi lenu hutumia una masharti gani ya mavazi, na nani aliyeyauliza?

Kati yenu, ni wangapi wanajua kuelea kwa dakika mbili bila msaada? Wasiojua, ni nini kinachowazuia kujifunza?

Mwenzenu akimletea mwakilishi wa tawi malalamiko kwamba alipigwa picha bila ridhaa kwenye safari ya kazi, yatafikishwa kwa nani, na jina lake litalindwa vipi?

Fundi gani wa karibu nanyi ana ovaloki na amewahi kushona likra?